Bakuli Halirudi Tupu

Mtu asiyeumwa akikuona umekaa kwenye kiti katikati ya wanawake waliokaa kwenye mkeka, haoni mgongo. Anaona kiburi. Hilo nilijifunza mwaka wangu wa kwanza hapa Songea, na sijalisahau, kwa sababu mimi si mtu wa kusahau.

Nilikuwa nimehamishiwa huku kufundisha sekondari, natoka Kagera, pembe nyingine kabisa ya nchi. Nikapanga nyumba mtaa wa Mjimwema. Sikuwa na ndugu wala mtu wa kuniambia pole. Nyumba ya kona wakafiwa na baba mkwe, nikaenda kama inavyopasa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki. Wanawake tulikuwa ndani, makochi yametolewa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, kila mtu kanyoosha miguu. Nikakaa. Chai haijachemka, moto ukaanza kiunoni, ukapanda shingoni, ukashuka mpaka kwenye nyayo. Nikavumilia, nikashindwa. Nikatoka nje, nikachukua kiti kimoja cha wanaume, nikaingia nacho, nikakaa juu ya wote kama mwenyekiti wa kikao. Mama mwenye nyumba akamwambia mwenzake jambo kwa Kingoni, mwenzake akaguna. Kingoni sikijui mpaka leo, lakini siku ile nilikielewa chote.

Tangu hapo nikaacha kwenda kukaa misibani. Rambirambi yangu nilimpa mjumbe wa mtaa aipeleke, mwenyewe nikabaki nyumbani. Na huku, kama kwetu, asiyekaa kwenye misiba ya wenzake anajua kitakachompata siku ya kwake ikifika. Atasusiwa. Hakuna atakayeleta kuni, hakuna atakayekoroga uji, watu watapita mbele ya geti lake wakiangalia waendako. Nilijua hivyo vizuri sana, na nikaendelea kubaki nyumbani.

Maumivu yenyewe sina namna ya kuyaeleza, na watu wanaotaka niyaeleze huniudhi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Niseme tu kwamba hayana likizo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhuka kutoka milima ya Matogoro na ukungu unagoma kuondoka asubuhi, nashindwa kuinua mkono kuandika ubaoni, inabidi niwasimamishe wanafunzi waniandikie. Kuna siku hata kanga begani ni mzigo. Nimepigwa eksirei, nimetolewa damu, nimeingizwa kwenye mashine kule Dar es Salaam inayogonga kama fundi bati. Jibu ni moja kila mahali: picha iko safi, mwalimu. Mara ya mwisho, hospitali ya hapahapa Songea, nilimwambia aliyenipa majibu kwamba kama picha ni safi basi aichukue picha akaipumzishe, mimi niliyebaki nirudi nyumbani kuumwa. Hakucheka.

Huyo ndiye aliyenielekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kile ambacho watu hawapendi kuonekana wakiingia. Mle alikuwemo daktari wa afya ya akili, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliinuka akanipa shikamoo kwa adabu zote. Nikajua hapa kuna jambo.

Hakuniuliza panaponiuma. Aliniuliza nikilala kitandani nani ananipikia. Aliniuliza marafiki niliokuwa nao chuoni wako wapi, na urafiki uliisha vipi, nani alimwacha mwenzake. Nikamwambia mimi huwa siachwi, mimi huondoka kwanza. Akauliza: mtu akikuahidi atakuja akachelewa, unafikiri nini?

"Nafikiri amenichoka."

"Hata akichelewa kidogo?"

"Hasa akichelewa kidogo," nikasema. "Anayechelewa sana huenda kapata ajali."

Akatabasamu, akaandika. Sikupenda alivyoandika. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeshusha yai mezani, kwamba huwa anawaona watu kama mimi: mwili unauma miaka na miaka, na wakati huohuo mtu ana shida katika haiba yake, yaani namna alivyojengeka, anavyopenda, anavyoogopa, anavyoachana na watu. Hakusema kwamba nina ugonjwa. Alisema mambo hayo mawili mara nyingi hukaa nyumba moja.

"Kwa hiyo mgongo wangu una tabia mbaya," nikasema.

"Mgongo hauna tabia, mwalimu. Lakini una mwenyewe."

Akasema maumivu yangu si ya kujitungia, yapo. Ila mtu anayeishi akingoja kuachwa, mwili wake haulegei hata usingizini. Na mtu anayeumwa kila siku huishiwa uvumilivu, akawa mkali, watu wakamkimbia, na akikimbiwa anaumwa zaidi. Nikamuuliza kipi kilianza. Akasema hajui, na akiniambia anajua atakuwa ananidanganya. Kwa hilo nampa maksi zake. Halafu nikasimama, nikamwambia mimi si mwendawazimu, nikaubamiza mlango. Mlango wenyewe una kile chuma cha kuuzuia juu, ukajifunga taratibu nyuma yangu. Hata hilo lilinikera.

Lakini njiani nilimkumbuka mama. Mama alizoea kusema mimi nalia kabla ya fimbo. Nilipokuwa mdogo, mgongo wangu ukiwa mzima kabisa, akienda sokoni akachelewa nilikuwa naingia uvunguni mwa kitanda, nakaa kimya, ili akirudi yeye ndiye anitafute. Alijua nilipo siku zote. Hakuinama kunivuta. Alikuwa anakaa sakafuni karibu na kitanda, ananyoosha miguu, anasema kama anayejisemea, "Sijui mwanangu kaenda wapi. Basi nakaa hapa kwanza." Nilikuwa naiona miguu yake, ina vumbi la sokoni. Nilikuwa natoka nikitaka mwenyewe.

Hapa Mjimwema nilibakiwa na mtu mmoja tu, jirani wa nyuma. Ni mjane kutoka Tunduru, kanizidi umri, anakaanga korosho uani kwake na kuziuza mjini. Kati yetu kuna uzio wa michongoma wenye uwazi, na alianza yeye kuupita. Ilikuwa Ramadhani. Aliniletea futari, magimbi ya nazi kwenye bakuli la bati lenye maua ya bluu, nikamwambia mimi ni Mkristo, akasema, "Nani kakuuliza? Kula, yatapoa."

Bakuli la jirani halirudi tupu. Hilo halifundishwi, mtu hukua nalo. Alipopita tena nikamrudishia likiwa na maharage. Likaja na korosho, likarudi na ndizi, likaja na mihogo. Baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka bakuli ni la nani. Nilipomimina humo senene aliowatuma mama kutoka Kagera, aliwaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nyie wa Kagera mnakula panzi." Alikula. Akarudi kuuliza kama wapo wengine.

Jioni nyingine alikuwa ananikanda mgongo na mafuta ya nazi, mikono yake inanuka moshi wa korosho. "Huu si mgongo, mdogo wangu," alikuwa anasema. "Huu ni ubao wa mlango." Mimi nalalamika, yeye anakanda. Ndizo saa pekee nilizokuwa naishi bila kujilinda.

Sasa sikiliza nilivyokuwa nikimlipa. Akisema "nitakuja jioni" na jioni ikapita, huenda kapata mteja, huenda kajiwa na wajukuu, mimi nilikuwa naliosha lile bakuli, nalifuta mpaka linang'aa, nakwenda kuliweka kizingitini kwake. Tupu, bila hodi. Kwa watu wetu hilo linazidi tusi. Unamwambia mtu: tumemalizana. Na kila nikitoka kuliweka mgongo ulikuwa unawaka, siku mbili sishikiki, na katika kuwaka kwake nilikuwa nasema, unaona, nimeachwa peke yangu na maumivu yangu. Yeye alikuwa analiacha bakuli likae kidogo, kisha anatokea uwazini akiwa amelijaza kitu. "Bakuli lako lilipotea njia," anasema. "Limekuja kwangu." Wala hanuni. Mimi ndiye naendelea kununa, kwa heshima tu, ili isionekane nimenunuliwa na mihogo.

Baridi iliyopita alikwenda Tunduru kwenye harusi bila kuniaga. Aliporudi alikuta bakuli kizingitini. Kesho yake alisimama kwenye uwazi, hakupita. Alikuwa amelishika mkononi.

"Mwalimu," akasema, na yeye huniita mwalimu akiwa mbali nami. "Mimi nimeshakuwa mtu mzima. Safari hii sirudishi. Siku ukilitaka utalifuata mwenyewe."

Nikamwambia vizuri. Nikaingia ndani nikafunga dirisha la jikoni. Wiki zikaenda. Nilikuwa nasikia akipepeta korosho zake, nasikia redio yake, nasikia akicheka na wateja. Alikuwa na haki ya kuchoka, hilo nililijua, na kulijua hakukunisaidia hata kidogo. Nilikuwa natoka shuleni, nalala, naamka, naenda shuleni. Usingizi ukapotea. Nikajikuta naogopa Jumamosi na Jumapili kwa sababu hazina kengele ya kunifukuza nyumbani.

Jumamosi moja asubuhi kaka yangu akapiga simu. Mama ametutoka. Watazika kesho. "Usihangaike, dada," akasema. "Kutoka huko hutafika." Ni kweli, kwa basi nisingefika, na kwa mgongo ule nisingefika hata nusu ya njia. Nikamwambia sawa. Nikamuuliza kama alikuwa amekula. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Mtu akifiwa hapa, hata kama maiti iko mbali, anamwambia mjumbe, na mjumbe anauambia mtaa. Wanawake wanakuja, wanatandika, wanapika, wanakaa nawe mpaka uzito upungue. Mimi niliweka simu juu ya friji. Nilijua niende kwa nani na niseme nini. Lakini niliwaona akilini wakipita mbele ya geti langu, wakiangalia waendako, nikaona afadhali msiba ambao hakuna aliyeambiwa kuliko msiba ambao hakuna aliyekuja. Huyo ndiye mimi. Niliondoka kwanza.

Ila mama lazima aombolezwe chini. Hata mimi najua hivyo. Nikayasukuma makochi ukutani, mwenyewe, kama sina akili. Nikauchukua mkeka uliokuwa umesimama nyuma ya mlango tangu nilipoununua, haujawahi kukaliwa. Nikautandika katikati ya sebule, nikajifunga kanga kichwani, nikakaa, nikanyoosha miguu. Nililia peke yangu kwa sauti ndogo, kwa sababu sauti kubwa ingesikika.

Machozi yalipopungua nikataka kuinuka. Kiuno kilikuwa kimefunga. Nikajaribu kugeuka ubavu, nikaona giza, nikaangukia mgongo. Nikajaribu kujivuta kwa kochi, nilikuwa nimelisukuma mbali. Simu ikalia juu ya friji, ikanyamaza, ikalia tena. Jua liliingia dirishani likatambaa sakafuni, likafika miguuni kwangu. Haja ikanibana. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na kaka kwa kuzika haraka, na yule daktari, na mama mwenyewe, kwa kufa nikiwa mbali hivi.

Kwa nyuma nilisikia ungo. Jirani alikuwa anapepeta.

Ndipo nilipoelewa niko wapi. Nilikuwa uvunguni. Nilikuwa nimeingia nikakaa kimya ili mtu anitafute, na aliyekuwa ananitafuta amekufa. Nisipoita, hakuna atakayekuja, si kwa sababu wamenichukia, ila kwa sababu hawajui nipo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa maumivu. Akinisikia na asije, itakuwaje? Nililala pale nikilipima jambo hilo kwa muda mrefu. Halafu nikaita.

"Dada."

Haikuwa sauti ya maana. Ungo ukaendelea. Nikaita tena, "Dada, shikamoo," kama mjinga, nimelala chali sebuleni kwangu nikimwamkia mtu asiyeniona. Ungo ukanyamaza.

Alikuja kwa mlango wa jikoni. Akasimama. Aliona makochi yamesogezwa, mkeka katikati, kanga kichwani. Kwa mtu wa huku hakuna la kueleza.

"Nani?" akauliza.

"Mama."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akavua kandambili zake mlangoni.

"Niinue," nikasema.

"Nitakuinua." Lakini hakuniinua. Alikuja akaketi ubavuni kwangu, akanyoosha miguu yake sambamba na yangu. Ilikuwa na vumbi la maganda ya korosho. "Nakaa hapa kwanza," akasema.

Nililia mpaka nikasahau kwamba sauti inasikika. Hakunikataza. Nilipoweza kusema tena nilimwambia, dada, mimi nataka chooni. Akasema, "Si ungesema, mwanamke wewe," akanipitishia mikono kwapani, tukasimama kwa awamu, wote wawili tunaguna.

Akanilaza kitandani, akauliza kama mjumbe anajua. Nikamwambia hajui, asimwambie. Akauliza kwa nini. Nikasema hawatakuja, mimi sijakaa kwao hata siku moja.

"Hilo ni kweli," akasema. Hakunidanganya. Kisha akaondoka, nikasikia kandambili zake zikipotea, nikajiambia basi, ndiyo hivyo, na mgongo ukakubaliana nami.

Alirudi na uji. Ulikuwa kwenye bakuli la maua ya bluu. "Nilisema sirudishi," akasema. "Msiba hauhesabiki." Nyuma yake nilisikia geti, na sauti, na mtu akiangusha kuni uani.

Hawakuja wote. Ambao hawakuja nawajua mmoja mmoja. Lakini sebule ilikuwa na watu, mikeka mingine ikaletwa, sufuria zikapanda motoni. Walinitoa chumbani, nikataka kushuka mkekani kama wao, na yule mama wa nyumba ya kona akanizuia kwa mkono. Akatoka nje, akaingia na kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya wanawake.

"Kaa," akasema. "Huyu mwenzio ametueleza. Siku ile sisi tulidhani unatukataa sisi. Kumbe ulikuwa unakataa sakafu."

Nikakaa. Nilikuwa nimekataa vyote viwili, lakini msibani si mahali pa kusahihisha watu.

Walipoondoka, baada ya siku zao za kukaa nami, nyumba ikawa kubwa. Kwa yule daktari nimerudi. Naenda, tunazungumza, ananipa dawa, wakati mwingine zinasaidia. Anasema nijifunze kukaa na ile hofu bila kuitii. Nikamwambia kusema ni rahisi. Akasema ndiyo.

Na wiki moja baada ya msiba jirani alisema atakuja Jumamosi kunikanda. Jumamosi ikaja, ikapita. Jumapili nilimsikia uani kwake, mzima, anapepeta. Mgongo ulikuwa umeshaanza asubuhi. Nikajikuta jikoni, bakuli mkononi, nimelisugua kwa majivu mpaka maua yanang'aa, nalifuta kwa kitambaa kikavu. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Nilisimama na lile bakuli kwa muda. Nilikuwa namchukia. Nasema kweli, kwa dakika zile nilimchukia kuliko mtu yeyote.

Halafu nikafungua kabati nikatoa kopo la senene. Mama aliwakaanga kwa mkono wake, akawatuma na mtu kwenye basi, na nilikuwa nimewaficha nisiwamalize, kwa kuwa hawatakuja wengine wa mkono ule. Nikawamimina wote. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikapita kwenye uwazi ambao miaka yote alikuwa anaupita yeye kunijia, na mimi niliupita kwa kununa tu. Miiba ilinishika kanga. Sikumuuliza kwa nini Jumamosi hakuja. Nilitaka sana kumuuliza.

"Hodi," nikasema.

Aliinua macho, akaliona bakuli, akachungulia ndani yake. "Karibu, mdogo wangu," akasema. Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akaweka ungo chini, akajikusanya, akainuka polepole, naye ana magoti yake. "Usikae chini. Ngoja nikakuletee kiti."

Akaingia ndani. Nikasimama pale na bakuli langu, mgongo unawaka, nikangoja.